Kumwaga oili ya giaboksi ya otomatiki nyumbani: Prado ya zamani, hatua kwa hatua

Mwenye Prado ya miaka ya tisini akienda gereji kuulizia oili ya giaboksi ya otomatiki, mara nyingi hupewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Hiyo haiguswi, ukiimwaga tu gia inakufa." La pili: "Lete, tunaiosha kwa mashine, nusu saa tu." Majibu yote mawili yamewagharimu watu giaboksi nzima. Ninachoshikilia mimi ni hiki: oili ibadilishwe, lakini kidogo kidogo, kwa oili inayotakiwa, kwa kipimo na kwa usafi. Na giaboksi yenye dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, mwenyewe anaweza kuihudumia uani kwake. Kazi hii haitaki nguvu nyingi, inataka subira na macho makini.

Mwongozo huu ni wa Toyota Land Cruiser Prado toleo la 90, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, yenye injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita 3.0 au ya petroli 5VZ-FE ya lita 3.4. Ndani yake kuna giaboksi ya gia nne iliyotengenezwa na Aisin, ya familia ya A340. Hilux Surf ya kipindi hicho, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la 4Runner, ina giaboksi ya familia hiyohiyo, kwa hiyo mwenye Surf naye afuate bila wasiwasi. Mwenye gari jingine asome mpaka mwisho kabla hajashika spana, maana kuna magari ambayo ukiyafanyia hivi unayaharibu.

Kwa nini oili hii inachoka

Kwenye injini, kazi kubwa ya oili ni kulainisha. Kwenye giaboksi ya otomatiki inabeba mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya konvata, lile pipa la mviringo lililokaa kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inayosukuma vali zinazobadilisha gia, ndiyo inayobana klachi za ndani, na ndiyo inayobeba joto kwenda kupozwa kwenye rejeta. Kila klachi inapobana humenyeka kidogo sana, na vumbi lake hubaki ndani ya oili.

Adui mkubwa ni joto. Prado iliyojaa watu na mizigo ikipanda mlima Kitonga, konvata inateleza na kupika oili kwa dakika nyingi mfululizo. Foleni ya jijini nayo hupika kwa namna yake: gari halina upepo wa kupoza, mguu uko kwenye breki, gia iko D. Kwa matumizi ya namna hii nashauri oili ibadilishwe kila baada ya km 40,000. Gari lililotoka Japani likiwa limetumika, tazama ndani ya fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti kama lina kibandiko cha huduma. Mwaka huandikwa kwa enzi ya mfalme wao, mara nyingi Heisei. Ongeza 1988 juu ya namba hiyo upate mwaka wetu: Heisei 14 ni 2002. Ukiona herufi ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, pembeni mwa tarehe na kilomita, umepata mahali pa kuanzia kuhesabu. Usipoiona, chukulia kwamba haijawahi kubadilishwa.

Chunguza kabla ya kufungua chochote

Hapa ndipo maamuzi yote yanapofanyika. Endesha gari dakika ishirini hivi, lisimamishe mahali tambarare, acha injini ikinguruma taratibu katika P. Chomoa dipstiki ya giaboksi, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache dakika chache, halafu itazame vizuri kwenye mwanga wa jua.

Tone jekundu au la waridi lililosambaa sawasawa ni oili yenye afya. Tone la kahawia ambalo bado linasambaa vizuri na halina harufu mbaya ni oili iliyozeeka, na hilo ndilo gari la mwongozo huu. Tone jeusi lililobaki duara gumu katikati, pembeni pakiwa na mduara mwepesi tu, lenye harufu ya kitu kilichoungua, linakwambia klachi za ndani zimeshaanza kwenda. Likiambatana na gari kuchelewa kushika gia ukiweka D, au injini kupanda mzunguko bila gari kuongeza mwendo, usitegemee oili mpya. Giaboksi ya namna hiyo inataka kufunguliwa na fundi wa otomatiki. Imani kwamba kubadilisha oili kunaua gia imetoka hapa: watu husubiri mpaka gia inateleza, wanabadilisha oili, gia inakufa wiki ile ile, lawama inaiangukia oili.

Tazama pia kama taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, yaani gia ya nne) kwenye dashibodi inapepesa yenyewe. Ikipepesa, kompyuta imehifadhi hitilafu ya giaboksi, na hitilafu hiyo isomwe kwanza.

Kuna hatari moja ambayo mwenye Prado ya umri huu lazima aijue. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta, ikitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Rejeta ikizeeka ukuta huo hutoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inaingia kwenye maji. Oili inageuka maziwa mazito ya waridi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta utazame: ukiona utando wa waridi au mafuta yanayoelea, usiendeshe gari hilo hata kwenda dukani. Maji huharibu gundi iliyoshika klachi za ndani. Na hata kama hakuna dalili, rejeta ambayo haijawahi kubadilishwa kwa miaka zaidi ya ishirini naiona ni deni linalosubiri kulipwa, ibadilishe mapema. Bei ya rejeta ni ndogo sana ukilinganisha na ya giaboksi.

Kuchagua oili

Soma dipstiki yenyewe. Toyota nyingi za kipindi hiki zimegongwa juu ya dipstiki jina la oili inayotakiwa. Prado ya 90 hutumia Dexron II au III. Ikiwa dipstiki yako imeandikwa T-IV, nunua Toyota T-IV au oili inayosema waziwazi kwamba inafaa mahali pa T-IV. Oili ya WS ni nyepesi zaidi, imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi mpya zaidi; usiitie humu wala usiichanganye na hizo nyingine, hata muuzaji akiisifu kwamba ndiyo ya kisasa.

Kampuni ya General Motors, iliyoanzisha kiwango cha Dexron, iliacha kutoa leseni za Dexron III mwaka 2006. Kwa hiyo kopo jipya lenye maneno hayo leo linasimamia neno la kampuni iliyolijaza, si la General Motors. Kampuni kubwa za oili bado zinaitengeneza vizuri. Ndiyo maana jina la kampuni na uzima wa lakiri vina uzito kuliko bei. Kariakoo ya Dar es Salaam mitaa ya Gerezani na Kirinyaga Road ya Nairobi utapata kila kitu, halisi na bandia, duka kwa duka. Kagua utepe wa kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, na ununue kwa mtu utakayemkuta kesho. Rangi nyekundu haithibitishi chochote, kwa sababu ni rangi iliyotiwa tu. Usikubali oili ya haidroliki ya trekta au greda eti kwa kuwa nayo ni nyekundu.

Kuhusu kiasi: giaboksi nzima ikiwa kavu hubeba takriban lita 10. Ukifungua nati ya chini hutoki nazo zote, kwa sababu sehemu kubwa imejificha ndani ya konvata. Tegemea kitu kati ya lita 2 na 4. Nunua lita 5 kwa awamu ya kwanza, halafu nunua nyingine kadiri unavyoendelea.

Vifaa na mahali

Utahitaji boksi spana yenye soketi ya 14 kwa nati ya kumwagia na ya 10 kwa bolti za sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), beseni pana linalobeba zaidi ya lita 5, faneli yenye mrija mwembamba mrefu unaoingia kwenye bomba la dipstiki, washa (pete ya kuzibia) mpya ya nati, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, glavu na tochi. Nunua faneli mpya kabisa. Ile iliyokuwa ikitiwa oili ya injini au maji ya rejeta iache ilipo. Chukua pia chupa kadhaa za maji za lita 1.5, zikaushe kabisa, uzitie alama za nusu lita kwa kalamu ya wino mzito. Zitakufaa kuliko kifaa chochote cha dukani.

Sakafu iwe ngumu na tambarare. Prado imesimama juu, na mtu mwembamba anapita chini bila kuiinua, jambo ambalo ni jema kwa sababu gari likiwa limelala sawa hata kipimo kinakuwa cha kweli. Ikibidi kuinua, inua pande zote nne sawa na uweke stendi chini ya chasi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota soketi iliyoanguka. Weka P, vuta breki ya mkono, weka vigingi mbele na nyuma ya matairi, na funguo ukae nazo mfukoni.

Kumwaga

Oili iwe vuguvugu. Ya moto huunguza mkono, na ya baridi huacha uchafu umetulia chini. Endesha dakika tano au kumi, zima, subiri kama nusu saa. Bomba la moshi liko karibu na litabaki la moto muda mrefu kuliko oili, kwa hiyo tahadhari na kiwiko.

Sasa hakikisha unafungua nati yenyewe. Sampu ya giaboksi ni bapa na pana, imezungukwa na bolti nyingi ndogo, na imekaa nyuma ya injini, usawa wa miguu ya dereva na abiria wa mbele. Sampu ya injini iko mbele zaidi na ina kina kirefu. Transfa, inayogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma, imeshikana na giaboksi kwa nyuma, na ina nati zake kubwa mbili, ya kujazia na ya kumwagia. Transfa ina oili yake nzito ya gia, 75W-90, isiyohusiana kabisa na kazi ya leo. Gari likiwa na bamba la kinga upande wa chini, lifungue kwanza uone vizuri.

Chomoa dipstiki juu ili hewa iingie, weka beseni, legeza nati kwa soketi halafu imalizie kwa vidole. Oili hutoka kwa kishindo na kurukia mbele kidogo, kisha inarudi kuwa uzi mwembamba chini ya nati. Sogeza beseni ipasavyo. Iache ichuruzike mpaka iwe matone ya kuhesabika.

Ikishatulia, imimine kwenye zile chupa zenye alama na uandike kiasi kilichotoka. Usiruke hatua hii. Kilichotoka ndicho kitakachorudi, na bila namba hiyo utajaza kwa kubahatisha. Oili ya moto hutanuka, kwa hiyo subiri ipoe kufikia joto la zile zilizo kwenye makopo kabla ya kusoma alama.

Kushusha sampu, au kuiacha

Kama oili iliyotoka ni ya kahawia tu na gia zinaingia vizuri, awamu ya kwanza unaweza kuishia kwenye nati. Lakini gari usilolijua historia yake, nashauri ushushe sampu mara moja, kwa sababu ndani yake ndiko kuna ushahidi.

Legeza bolti zote za 10 kidogo kidogo ukizunguka. Mbili za kona moja zichomoe mwisho, ili sampu iinamie upande mmoja na mabaki yamwagikie humo. Kabla ya kuanza, angalia bomba la dipstiki limeshikwa wapi, usije ukalipinda. Sampu nyingi zimegandishwa kwa silikoni. Pitisha kisu chembamba cha kukwangulia kwenye kona taratibu. Usiingize bisibisi na kutumia nguvu, maana ukikwaruza uso wa alumini juu, utavuja milele.

Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo. Zipanguse kwa kidole. Unga laini wa kijivu uliokolea kama wanja ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi, wala usikutie hofu. Vipande vinavyong'aa, vya kushikika kwa kucha, ni chuma kinachovunjika mahali fulani. Funga, na umwone fundi wa otomatiki. Vipande vyeusi vinavyosagika ni klachi.

Juu utaona chujio. Chora umbo lake kwenye boksi la katoni na uchomeke kila bolti mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu bolti ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kutoboa mahali pasipofaa. Kama umenunua chujio jipya, hakikisha ni sawa na la zamani kabla ya kulifunga, hasa mpira au gasketi ya shingo yake. Likiingiza hewa pale shingoni, pampu itavuta povu.

Kwangua silikoni ya zamani yote, juu na kwenye sampu, na ufute kwa kiyeyushi cha kusafishia breki. Chembe zisiingie ndani. Mle juu kuna vali bodi, yaani bamba la vali zinazobadilisha gia, yenye njia nyembamba sana, na uzi mmoja wa tambara unaweza kuzuia vali ikakwama. Ukitumia gasketi, ifunge kavu. Ukitumia silikoni, weka mstari mwembamba usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu, na uheshimu muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu.

Bolti za sampu ni dhaifu. Mkazo wake ni takriban Nm 7 tu, yaani mkono wa soketi fupi mpaka uhisi imegusa, kisha robo ya mzunguko. Funga kwa kwenda upande huu na upande wa pili, wala usiende kwa mstari. Nati ya kumwagia inataka takriban Nm 20 pamoja na washa mpya. Ukizoea kukaza nati za matairi utataka kuongeza. Usiongeze.

Kujaza na kupima

Mimina kupitia bomba la dipstiki, polepole, kiasi kilekile ulichoandika, pungufu ya nusu lita. Ukishusha sampu, itakuwa imetoka zaidi ya ile ya kwenye nati, jumlisha zote.

Washa injini. Kanyaga breki kwa nguvu, pitisha gia zote P, R, N, D, 2, L, ukikaa sekunde tatu kila kituo, kisha urudi P. Injini ikiendelea kunguruma, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, isome. Ukichomoa mara ya kwanza baada ya kujaza, bomba lina oili kwenye kuta zake na dipstiki itatoka imelowa kote, kwa hiyo subiri dakika chache. Soma pande zote mbili za dipstiki na uamini ule ulio chini zaidi.

Dipstiki ina maeneo mawili: COOL na HOT. COOL ni ya kukuongoza tu, ujue kwamba gari linaweza kutembea salama. Hukumu inatolewa kwenye HOT, oili ikiwa imefika nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, na joto hilo hulipati kwa kuacha gari likinguruma uani. Ongeza mpaka ifike COOL, kagua chini kama kuna panapovuja, kisha toka ukaendeshe kama dakika ishirini, ukipita gia zote nne. Rudi mahali pale pale tambarare, rudia kupitisha gia, upime tena injini ikiwaka. Ongeza kwa vikombe vidogo, robo lita kwa robo lita, mpaka ikae kati ya alama mbili za HOT.

Kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikawa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Giaboksi inateleza na kuungua ikiwa imejaa. Ukizidisha, fungua nati na utoe kidogo, au vuta kwa bomba la sindano lenye mrija kupitia bomba la dipstiki. Usijiambie kwamba itapungua yenyewe.

Ukiendesha, sikiliza. Gia ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, kisha ovadraivu: ziingie bila kishindo na bila injini kupaa. Kesho yake asubuhi tandika katoni safi chini, uwashe, uone kama kuna tone.

Kurudia ndiyo siri yenyewe

Tuseme giaboksi ina lita 10 na kila awamu unatoa lita 3. Baada ya awamu ya kwanza, asilimia 70 bado ni oili ya zamani. Baada ya pili ni asilimia 49. Baada ya tatu ni asilimia 34, yaani theluthi mbili ni mpya. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa giaboksi ya zamani isiyojulikana historia: awamu tatu, zikipishana kwa km 1,000 au hata wiki chache za matumizi ya kawaida. Oili mpya inasafisha taratibu, uchafu unashuka kwenye sampu badala ya kusukumwa kwenye vali. Na kila awamu unapata nafasi ya kulitazama tone jipya kwenye karatasi.

Kuna njia ya kubadilisha karibu yote kwa siku moja bila mashine ya kusukuma: kutumia pampu ya giaboksi yenyewe. Inafaa kwa gari ambalo oili yake si mbaya sana, au baada ya kubadilisha rejeta. Inahitaji watu wawili. Baada ya kumwaga kwa nati na kujaza, fungua ule mpira unaorudi kutoka rejeta kwenda giaboksi. Kwenye mrija wa rejeta ulikotoka mpira huo chomeka mpira wa uwazi unaoishia ndani ya chupa yenye alama, na ncha ya mpira uliofungua uizibe. Mmoja awashe injini katika P, mwingine ashike chupa. Ikiwa oili inasukuma kutoka upande ulioziba, umekosea mpira, zima, badilisha.

Oili hutoka haraka kuliko mtu anavyotarajia. Zikifika lita 2, au ukiona mapovu kwenye mpira, piga kelele "Zima!" na mwenzako azime papo hapo. Mwelewane kabisa kabla: aliyekaa ndani asishike simu. Mimina lita 2 mpya juu, rudia. Endelea mpaka inayotoka iwe nyekundu kama inayoingia, kwa kawaida baada ya lita 10 au 12. Pampu isikauke hata mara moja, maana inalainishwa na oili hiyohiyo. Rudisha mpira, kaza klipu, kisha upime kwa HOT kama nilivyoeleza.

Magari yasiyofuata mwongozo huu

Prado 120, toleo lililofuata la 90, ikiwa ya gia nne inafuata hatua hizi lakini kwa oili ya T-IV. Ile ya gia tano hutumia WS, haina dipstiki, na hupimwa kwa nati maalumu oili ikiwa kwenye joto maalumu. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kusoma joto. Pajero ya zamani hupimwa gia ikiwa N na breki ya mkono imevutwa. Honda CR-V hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu, na hutaka oili ya Honda pekee. Kwenye Subaru Forester difu ya mbele ina oili na dipstiki yake karibu na giaboksi, na wengi wamemwaga oili ya kimoja wakajaza kingine. Nissan X-Trail toleo la T31 yenye CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika, haitumii oili ya otomatiki hata tone moja, inataka NS-2.

Oili chafu

Rudisha oili ya zamani kwenye makopo yaliyobaki matupu, yafunge, uyaandike. Desturi ya kupaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, au kumwagia uani kuzuia vumbi, ipo kila mahali, na mvua ya kwanza huipeleka oili hiyo kisimani. Gereji kubwa hukusanya oili chafu kwenye mapipa na kuyauza kwa wanaoisafisha. Waombe, wengi hawakatai. Vitambaa vilivyolowa usivirundike ndani ya stoo, vianike vikiwa vimetandazwa nje mpaka vikauke, ndipo uvitupe.